Aliyecheka Ndani ya Sanda

Swali liliingia asubuhi, kabla Nyamizi Kapela hajafika hata nusu ya kikombe chake cha chai. Lilijiandika juu ya meza ya kazi kwa herufi za kijani, kama yajiandikavyo maswali yote ya Mzoeshaji: *Kwa nini marehemu anatikisika?*

Chini yake mtambo ulikuwa umeshaweka pendekezo, maana Mzoeshaji haulizi kwa kukosa jibu, anauliza kwa adabu tu. *Kasoro ya picha. Sanda itulizwe. Mzee anayechezacheza karibu na maiti aondolewe, badala yake awekwe jirani anayelia. Kubali au kataa.*

Hayo Nyamizi aliyazoea. Asichokizoea ni maneno yaliyofuata, madogo, yaliyobanwa pembeni mahali ambapo kwa kawaida hukaa namba za mafundi. *Mimi naitwa Ketevan, mjibu wa Tbilisi, Jojia. Najua haturuhusiwi kuandikiana. Nimeitazama sehemu hii tena na tena na sioni kasoro yoyote. Naona mtu anacheka. Tafadhali niambie kama ni kweli.*

Nyamizi aliweka kikombe mezani akakisahau hapo. Aliyekuwa ndani ya sanda ile ni baba yake.

Hapo lazima tumwache kidogo na mshtuko wake tuseme habari ya Mzoeshaji, kwani asiyeijua atadhani tunazungumzia mganga. Zamani mtu aliyetaka kutazama tamthilia ya ugenini alivumilia maandishi chini ya picha, au sauti za watu wazima wanaosemea midomo isiyo yao. Wengi hawakuvumilia. Ndipo kampuni ya Zoeza ikaleta vioo vyake, na ndani ya kila kioo akawekwa Mzoeshaji. Tamthilia iliingia upande mmoja ikiwa ya Wajojia au ya Wakorea, ikatokea upande wa pili kama iliyopigwa mtaa wa nyuma. Si maneno peke yake yaliyobadilika. Nyuso zilibadilika, mapaa ya nyumba, chakula mezani, namna ya kukaa, namna ya kumpokea mgeni na ya kumlilia maiti. Watu walijua kwamba kioo kinatafsiri, ila hawakujua kinatafsiri hadi wapi, na kwa kuwa waliipenda hadithi hawakuuliza.

Mtambo ulipokuwa na shaka ulimuuliza mtu. Mama wa Kitanzania akikuta mwanawe kaoa kwa siri, ataketi au atasimama? Ataanza na kilio au na kimya? Watu wa kuyajibu hayo waliitwa wajibu, na kila nchi ilikuwa nao wachache. Nyamizi alikuwa mjibu wa kwanza Tabora na, bila kumpamba, alikuwa hodari. Ni yeye aliyeichukua tamthilia ya mjane wa milimani huko Jojia, mwenye mizabibu na tanuri la mkate, akamleta Dodoma. Mizabibu aliiacha, maana Dodoma nayo inayo. Theluji akaigeuza vumbi, mkate ukawa ugali wa uwele, na mjane mwenyewe akapewa uso wa Kigogo na jina la Mama Mbeho. Nchi nzima ilimpenda Mama Mbeho. Siku alipouguliwa na mwanawe, misikitini na makanisani walimwombea.

Sasa zamu ilikuwa imegeuka. Tamthilia ya *Urithi wa Baiskeli*, iliyotungwa na marehemu Mzee Kapela na kupigwa hapo hapo Tabora, ilikuwa inataka kwenda nje, ikianzia kwa Wajojia.

Alivuta picha akaitazama. Mzee Magoha, bahili wa mtaa mwenye baiskeli isiyoazimwa, ambaye Kapela ndiye aliyemwigiza, amelazwa kitandani, amefunikwa shuka jeupe hadi juu ya kichwa. Wanawake wako chini kwenye mikeka. Mlango unafunguliwa anaingia mtani wa marehemu, Mzaramo mwenye ruhusa ya mila kumtania Mnyamwezi hata akifa, amevaa koti la marehemu na kofia ya marehemu. Ni Mzee Pazi huyo, mfupi, mwenye kipara, na koti linamfika magotini. Anamwamkia maiti. Anamlaumu kwa kulala mchana. Kisha anaanza kumuigiza anavyotembea.

Katika maandiko ya tamthilia alitakiwa amuigize Magoha. Lakini Pazi, shetani yule, siku ile alimuigiza Kapela mwenyewe: vidole vya miguu vikitazama nje, suruali ikipandishwa kila baada ya hatua mbili, na kile kikohozi kidogo alichokitoa kabla hajasema jambo asilo na hakika nalo. Wanawake mkekani waliangua kicheko na ukumbi wote wa studio ukafuata. Na shuka, pale tumboni, likaanza kutikisika. Kapela alicheka vile siku zote, kwa tumbo, bila sauti. Mwongozaji alitaka kurudia, lakini Kapela alipofunuliwa, machozi yakimtoka, alisema: "Iacheni. Mtu akifa na Mzaramo yuko chumbani, hata mimi nisingetulia."

Nyamizi alikuwepo siku hiyo. Aligusa meza akamwandikia Ketevan kwa ufupi: *Ndiyo. Anacheka. Ni baba yangu.*

* * *

Gaudensia Mlowe, mkuu wa mauzo ya nje, hakuwa mtu mbaya, tuseme hilo mapema. Ni yeye aliyezunguka na *Urithi wa Baiskeli* kwenye masoko ya nchi za watu mpaka wakaikubali, na siku Kapela alipofariki ni yeye aliyesimamia chakula cha wageni. Alimsikiliza Nyamizi hadi mwisho, kidole kikizungusha pete.

"Kwa hiyo unataka kukataa," alisema.

"Sijasema nakataa, dada Gaude. Nauliza kama lazima watoe ile sehemu."

"Si sehemu, ni wao. Wale watu hawana watani. Hebu jiweke kwao. Umekaa na mama yako, mnatazama msiba, mara anaingia kibabu kavaa koti la maiti anamtania. Utafanyaje? Utazima. Mzoeshaji ameshapima pumzi za watazamaji kwenye vioo vya majaribio, hamu inakatika pale pale."

"Na sanda?"

"Sanda ni kasoro, Nyamizi. Maiti hatikisiki."

"Alikuwa hajafa."

"Kwenye hadithi amekufa." Gaudensia alivuta pumzi, sauti ikalainika. "Sikiliza mdogo wangu. Ukibonyeza kubali, wiki ijayo Baba Kapela yuko nchi zaidi ya thelathini. Watu wanamlilia. Hilo ndilo alilolitaka maisha yake yote, nilimsikia kwa masikio yangu."

"Watamlilia nani? Atakuwa na uso wa mtu mwingine. Pazi hatakuwepo kabisa. Sanda itakuwa imelala. Itabaki nini cha baba hapo?"

"Itabaki hadithi."

Lililomuuma Nyamizi ni kwamba maneno hayo hayo aliwahi kuyasema mwenyewe, akiwafunza wajibu wapya. Kwa muda akatazama nje ya dirisha, mahali wafanyakazi walipokuwa wanapakia mapazia ya studio kwenye gari.

"Mkataba unasemaje kuhusu kuonyeshwa wazi?"

Gaudensia aliacha kuzungusha pete. Kuonyeshwa wazi ni kipengele kilichoandikwa siku za mwanzo, Zoeza walipokuwa bado wanawaogopa watunzi. Mtunzi au mrithi wake angeweza kudai sehemu moja irushwe ilivyo, sura zile zile, lugha ile ile, maandishi tu chini. Hakuna aliyekuwa amekidai kwa muda mrefu.

"Kinasema unaweza," alijibu polepole. "Na kinasema ikishindwa kuwashika watazamaji, tamthilia nzima inafungiwa isitoke nje ya nchi. Haizoeshwi tena, haiuzwi tena. Itabaki hapa hapa Tabora na Baba Kapela wako. Na Pazi hatakuona kwa jicho zuri, maana yule mzee kila nikikutana naye ananiuliza ndege inaondoka lini."

* * *

Ni kweli Mzee Pazi aliwaza ndege. Mtaa wote wa Isevya ulikuwa umeshaambiwa kwamba yeye Pazi Mwinyikondo anakwenda kuonekana Ulaya, na fundi cherehani wa jirani alikuwa anamshonea suti kwa ajili ya siku hiyo, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba angehitaji suti.

Nyamizi alimkuta barazani kwake anamenya mihogo.

"Shikamoo mtani."

"Sipokei shikamoo ya mtumwa," alisema Pazi, akasogea ampishe mkekani. "Kwanza nani amekuruhusu utoke shambani kwangu saa hizi? Mihogo nimenye mwenyewe na Wanyamwezi wapo?"

Nyamizi alicheka, akachukua kisu. Wakamenya pamoja. Alikuwa amejiandaa njia nzima namna ya kuanza, na sasa maandalizi yote yalikuwa yamemtoka. Mwishowe alitoa kioo kidogo cha mkononi akamshikisha.

"Nataka uone watakachokiona Wajojia, baba. Utazame mpaka mwisho ndipo useme."

Ilikuwa picha ya Mzoeshaji, ile iliyokuwa inangoja kukubaliwa. Chumba cha mawe chenye dirisha refu. Maiti ndani ya jeneza lililo wazi, uso wa mzee wa Kizungu, umetulia. Mlango unafunguliwa, anaingia bwana mrefu mwenye ndevu nyeusi na nywele nyingi, anaweka mkono kwenye ukingo wa jeneza, anainamisha kichwa, analia. Wanawake wanalia naye. Picha inafifia taratibu, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Ungekuwepo ungelia.

Pazi alitazama hadi mwisho. Akairudisha mwanzo, akatazama tena.

"Mimi niko wapi?"

"Huyo mwenye ndevu."

Mzee alimkazia macho yule bwana. Kisha akapitisha kiganja juu ya kipara chake.

"Wamenipa nywele," alisema.

Nyamizi alitaka kucheka lakini uso wa Pazi haukuwa wa kucheka. Mzee alirudisha kioo taratibu, akachukua muhogo mwingine, na hakuumenya.

"Unajua sikumzika baba yako," alisema. "Nilikuwa Dar nimefungwa macho yote mawili baada ya upasuaji. Naambiwa Kapela amefariki, naambiwa anazikwa kesho, daktari kanikataza nisisogee. Nikauliza nani mtani atakayekuwepo. Wakanitajia watu, vijana, hawajui hata pa kuanzia. Nikasikia baadaye kwamba msiba ulikuwa wa heshima sana. Wa kimya." Aliutupa muhogo kwenye beseni. "Kapela alizikwa kimya kama mtu asiye na kwao. Nimekaa na hilo mpaka leo. Najipoza na kitu kimoja tu, kwamba nilishamfanyia mapema, pale studio, na alisikia. Ndio msiba wangu ule. Sasa hawa wameuchukua wamempa mwenye ndevu."

Nyamizi aliweka kisu chini. Alimpenda mzee huyu kwa namna ambayo hakuwahi kumwambia, kwani mtani haambiwi kwamba anapendwa, huambiwa ni mtumwa. Lakini sehemu ngumu ilikuwa bado, na haikumfaa kuificha tena.

"Kuna jingine, baba. Mama Mbeho."

"Kafanyaje?" Pazi aliinua kichwa haraka. Mapenzi yake kwa Mama Mbeho yalijulikana mtaa mzima. Alishatangaza kwamba siku akifika Dodoma atakwenda kuposa.

"Si wa Dodoma. Ni Mjojia. Anaitwa Natela, kaitunga tamthilia mwenyewe na anacheza humo kwa jina lake. Mimi ndiye niliyembadilisha."

Akamwonyesha. Alikuwa ameitoa ile ya asili kwenye hazina ya studio asubuhi hiyo hiyo: mwanamke mzee, mnene, mwenye kitambaa cheusi kichwani, pua kubwa, jino moja la mbele halipo. Anachomeka mkate kwenye ukuta wa tanuri lenye moto huku anagombana na mtu aliye nje ya picha, kwa lugha inayokwaruza kama kijiko kwenye sufuria. Ghafla anaacha kugombana, anafuta paji la uso kwa mkono wenye unga, anatazama mlima wenye theluji na kunyamaza. Kwenye tamthilia iliyoonekana Tabora, Mama Mbeho alikuwa mwembamba, mwenye meno yote, na mahali pa mlima palikuwa na kichuguu.

Nyamizi alingoja kugombezwa. Pazi alisogeza kioo karibu na macho yake mapya.

"Ana pengo," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na ukamziba."

"Nikamziba."

"Mtumwa wewe mjinga kabisa," alisema Mzee Pazi kwa upole mwingi. "Huyu ndiye mzuri." Akaendelea kutazama, na baadaye, bila kumgeukia, akauliza kama upo uwezekano wa yeye kuonekana kwa huyo mama akiwa na kipara chake. Nyamizi akamweleza yote: kwamba upo, kwa sehemu moja tu, na kwamba Wajojia wakizima basi ndiyo mwisho, hakutakuwa na ndege wala nchi thelathini, hata za mwenye ndevu.

"Kapela angesemaje?" aliuliza Pazi.

"Angekohoa kwanza."

Ndipo mzee akacheka, kicheko chake cha kawaida kinachosikika hadi kwa fundi cherehani. "Basi kohoa, halafu ukasaini."

* * *

Nyamizi alisaini kuonyeshwa wazi. Siku hiyo hiyo yakaja tena maneno madogo pembeni mwa meza. *Bibi Natela amesikia,* aliandika Ketevan. *Amekasirika sana kujua kwamba huko kwenu ana meno yote. Naye amedai kuonyeshwa wazi. Nyinyi mtuone, sisi tuwaone, siku ile ile.* 

Jumamosi alasiri kioo kikubwa cha studio kiliwekwa uani kwa Mzee Pazi, kwa kuwa mkataba ulitaka watazamaji wa kweli na Isevya nzima ilikuwa ya kweli. Gaudensia alikuja na kipima pumzi chake, akakaa nyuma. Mzee Pazi alivaa suti na kofia. Nyamizi alisimama mbele akawaeleza watu, kwa maneno machache, kwamba leo Mama Mbeho atakuja kwa sura yake mwenyewe na lugha yake mwenyewe, na kwamba yeye Nyamizi ndiye aliyekuwa amemvika ile nyingine.

Walimwelewa walipomwona. Ukazuka mguno.

"Huyu bibi ni nani?" aliuliza Mama Sikudhani, jirani wa ukuta mmoja, mwenye mkeka wake mbele kabisa. "Mama Mbeho wetu mmempeleka wapi?"

"Ndiye huyu, mama."

"Mimi siwezi kusoma na kutazama kwa pamoja, mwanangu. Nachagua macho niyapeleke wapi?"

Wengine walikuwa na hasira ya kweli. Bwana mmoja alisema amedanganywa miaka yote, akaondoka na watoto wake, na Nyamizi hakumlaumu. Vijana waliokuwa ukutani waliondoka kwa kuchoka tu. Mikeka ikabaki na mapengo, na kila aliyesimama alikuwa anaondoka na nchi moja kati ya zile thelathini, hivyo ndivyo Nyamizi alivyoona, ingawa hawa walikuwa wanamkimbia Natela na si baba yake. Aliwaza kwamba saa hiyo hiyo huko Tbilisi watu wengine wanainuka kwenye viti vyao.

Kwenye kioo, Natela alikuwa amempoteza mumewe. Msiba wao ulikuwa na meza ndefu, vyakula, na mzee mmoja aliyesimama kila mara na kikombe kuwasemea walio hai na waliokufa. Alipomaliza kumsemea marehemu, wote wakanywa kimya. Natela peke yake hakunywa. Alikitazama kiti kitupu cha mumewe, akakiambia kitu kwa ile lugha ya kukwaruza. Maandishi chini yakasema: *Hata leo umechelewa mezani.*

"Eh," alisema Mama Sikudhani.

Alisoma kwa sauti, kisha akawasomea waliokuwa mbali. Kutoka hapo akawa ndiye anayesoma kwa ajili ya mikeka yote, akiongeza yake kidogo pale alipoona Wajojia wamesema pungufu. Wasioona maandishi wakamsikiliza yeye na kumtazama Natela. Hakuna aliyeondoka tena. Mwishoni, Natela alipovua kitambaa chake cheusi na nywele nyeupe zikamwangukia, Mzee Pazi alikuwa amesimama, suti na yote, kama aliyefikiwa na mgeni.

Gaudensia alikuja mbele watu wakinywa uji. Kipima pumzi alikuwa amekifunga.

"Nusu ya watu wameondoka," alimwambia Nyamizi. "Kwa kipimo cha Zoeza hiyo ni kushindwa."

"Na Tbilisi?"

"Ndiyo nilikuwa nazungumza nao. Huko wamezima zaidi ya nusu." Alimshika mkono. "Ngoja nimalize basi. Waliobaki wamefanya kitu ambacho mtambo haukielewi. Umetuma taarifa ya hitilafu." Akasoma kutoka kiganjani: "*Watazamaji wanarudia sehemu yenye kasoro.* Wanairudia sanda, Nyamizi. Wanaitazama, wanarudisha nyuma, wanaita watu wa vyumba vingine waje waone. Kipimo hakijui kuhesabu mtu aliyeitwa kutoka jikoni. Zoeza wamesema hawawezi kufungia kitu wasichoweza kukipima, kwa hiyo wanatuachia sehemu ya pili, hivyo hivyo, wazi. Ya pili tu. Sijui zaidi ya hapo."

"Dada Gaude, unalia?"

"Niliwapikia watu wa msiba wake," alisema Gaudensia, akageuka kutafuta kikombe.

Kioo kikubwa kikalia. Uso wa msichana mwembamba mwenye miwani ukatokea, akapunga mkono kwa aibu, na Nyamizi akajua kwamba huyo ni Ketevan. Kando yake akasukumwa mtu mwingine aingie kwenye picha, mnene, mwenye kitambaa, asiye na jino moja la mbele. Ua mzima ukapiga kelele ya furaha. Natela hakusalimia. Alinyoosha kidole moja kwa moja na kuanza kusema, na maandishi yakawa yanakimbia chini, Mama Sikudhani akiyafukuzia kwa sauti.

"Anasema: wewe mwenye kipara! Ndiyo, wewe, hata ukivaa suti na kofia. Vua koti la watu. Anasema, marehemu alikuwa hajapoa umeshampokonya kofia, huko kwenu hakuna polisi? Anasema, mume wake yeye alikuwa anacheka vile vile, kwa tumbo, na yeye alikuwa anampiga na mwiko kanisani ili anyamaze. Anasema tangu amzike hakuna aliyemchekesha kwenye nyumba ile, na leo umemchekesha wewe mwizi wa makoti, na hatakusamehe. Anasema ukifika kwake atakuvua hilo koti mwenyewe, na atakulisha mkate mpaka uombe msamaha."

Watu walimgeukia Mzee Pazi. Alikuwa amesimama wima katikati ya ua wake, midomo ikicheza bila kutoa neno, na hakuna mtu Isevya aliyewahi kumwona Pazi akikosa neno. Kisha alivua kofia yake, akaiweka kifuani.

"Mwambieni huyo mama," alisema, sauti ikipasuka, "mwambieni nimekuwa natafuta mtumwa wangu aliyepotea miaka mingi, kumbe yuko Jojia anachoma mikate bila ruhusa yangu. Nakuja kumchukua. Na akae tayari, maana akifa kabla yangu nitavaa kile kitambaa."

Ketevan akatafsiri. Natela akasikiliza, akaufunika mdomo kwa mkono wenye unga, na mabega yake mapana yakaanza kupanda na kushuka.

Nyamizi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mkeka. Alikuwa amejivuta kanga juu ya kichwa mpaka ikamfunika uso wote, na ndani yake hakuna sauti iliyotoka. Mama Sikudhani aliacha kusoma, akamtazama kwa wasiwasi.

"Jamani, Nyamizi analia?"

"Mwache," alisema Mzee Pazi, bila kuondoa macho yake kwa Natela. "Huyo ni binti Kapela. Ndivyo wanavyocheka."